Pale ni Kiboko

Hapo zamani, si zamani za mababu, zamani hizi za juzi ambapo watu wenye nyumba na vitanda huenda kulala porini wakaiita raha, palikuwa na hifadhi tulivu ya msitu kando ya ziwa. Mwasiti alipelekwa huko na mchumba wake, Shomari, harusi yao ikiwa imekaribia. Hema halikumvutia. Alichotaka ni kupigwa picha ukingoni amejitanda kanga ya marehemu mama yake, iliyoandikwa RADHI NIMEKUACHIA, ambayo angefunikwa nayo siku ya harusi. Hakuwa na kitu kingine cha mama.

Shomari alikuja na mpambe wake, Masalu. Huyu alizaliwa kando ya ziwa kama hilo, lakini mjini alijiita Maxi na kuapa hajui hata jembe linashikwaje. Limbukeni mkubwa!

Getini walimkuta mlinzi, mzee Bugingo, amejimwaga kitini anatafuna muwa.

"Shikamoo, mzee," Shomari akasema. "Tukipiga hema pale kwenye njia ya majani mafupi, panafaa?"

"Marahaba. Pale? Pale ni kiboko." Akatema makapi, akarudia muwa wake.

"Umesikia, mpenzi? Pale ni kiboko!" Shomari akashangilia, maana kwao mjini kitu kinachopita vyote kwa uzuri ndicho kiboko. Akapiga hema katikati ya njia, akajipongeza.

Jioni, wakichoma nyama kando, kiboko mwenyewe akatoka majini kwenda malishoni kwa njia yake ya siku zote. Akakuta nyumba ya kitambaa. Hakubisha hodi. Akaivaa nzimanzima, wao wakapiga mayowe, naye akashtuka akarudi majini na hema kichwani. Ndani ya hema mlikuwa na begi la Mwasiti, na ndani ya begi, kanga.

Mwasiti alilia hadi sauti ikamkauka. Kisha akaapa kwa kaburi la mama yake: "Aliyenipotezea kanga yangu hatakanyaga harusi yangu!"

Hapo ndipo wanaume walipoonyesha uanaume wao.

Shomari akasema, "Mimi niliuliza, nikajibiwa. Kosa langu ni kujua Kiswahili?"

Mzee Bugingo akasema, "Nami nilijibu. Nilisema kiboko, kiboko akaja. Mlitaka nimchore?"

"Lakini ulituona tukipiga hema!" Mwasiti akamkemea.

"Niliwaona, binti. Nikadhani watu wa mjini mna dawa yake."

Mwasiti akamgeukia Masalu. "Na wewe?"

"Niliona nyayo, shemeji. Niliona na mavi yake vichakani. Nikaogopa mtaniita mshamba. Lakini sikudanganya. Nilinyamaza tu."

"Basi tuulizane na hili," mzee Bugingo akadakia. "Nani aliyeleta kanga ya marehemu porini kwa ajili ya picha?"

Swali hilo lilimchoma Mwasiti, kwa kuwa alikuwa ameshajiuliza mwenyewe.

Haya, ninyi wajuaji mlioketi hapa mkicheka. Kiapo cha kaburini hakirudi nyuma. Akitajwa mzee Bugingo, kazi rahisi, wala hakualikwa. Akitajwa Masalu, bwana harusi hana mpambe. Akitajwa Shomari, hakuna harusi. Na akijitaja bibi harusi mwenyewe?

Je, nani asiyestahili kukanyaga harusi ile?