Kuku Aliyekataa Kumpanda Mbuni

Paukwa!

Pakawa!

Mnajibu kama mmelala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hii sikusimuliwa na mtu. Niliiona kwa macho yangu haya mawili, nimekaa juu ya kichuguu kirefu mpaka mawingu yananipiga kikumbo. Anayebisha aende akakiulize kichuguu.

Hapo zamani za kale, Mbuni alipokuwa bado anabeba abiria, palikuwa na Kuku na mumewe Jogoo. Walikuwa na vifaranga kumi na wawili. Siku ya arobaini ikafika. Siku hiyo lazima bibi mzaa mama awape vifaranga majina, na bibi anakaa ng'ambo ya mbuga. Kifaranga asipofika siku hiyo, basi tena, jina lake ni "Wewe" mpaka sufuriani.

Jogoo akakipaka mafuta kilemba chake chekundu. Akasema, "Tunampanda Mbuni. Nataka wakwe waone vumbi langu kabla hawajaniona mimi."

"Baba watoto, Mbuni hana pa kushika."

"Shika manyoya."

"Na hawa kumi na wawili washike na nini?"

Mbuni akachekelea. "Shemeji, mimi nikikohoa tu, tumefika."

"Na kusimama je?"

"Kusimama?" Mbuni akauliza. "Ndiyo nini hiyo?"

Mara Mwewe akashuka, vuuu, akatua kwenye tawi. "Mama, mimi watoto nawabeba bure. Mmoja mmoja."

"Najua unavyobeba," Kuku akamjibu. "Dada yangu alikupa wanne, mpaka leo anasubiri."

Nungunungu alikuwa anapita zake. Chakacha, chakacha. Mnene, mchafu, anatembea kama anakwenda kulipa deni. Kuku akamwita.

"Kaka, unaelekea ng'ambo?"

"Naelekea. Lakini mimi sibebi mtu. Mgongo wenyewe si unauona?"

"Mgongo sitaki. Nataka watoto watembee chini ya hiyo miiba."

Jogoo akacheka mpaka akapaliwa. "Mke wangu anakwenda kwao na kichaka."

"Wewe una kilemba cha kuonyesha," Kuku akasema. "Mimi nina watoto wa kufikisha."

Jogoo akapanda. Pu, pu, pu, pu! Mbuni akaipita nyumba ya bibi. Akaupita mji wa pili. Akaipita mvua iliyoondoka juzi. Jogoo analia, "Nashuka hapa, nashuka hapa!" Mpaka leo hawajasimama.

Huku nyuma, chakacha, chakacha. Mwewe akashuka, vuuu. Nungunungu akasimamisha miiba. Mwewe akaruka na mwiba matakoni. Akashuka tena, akaruka na wa pili. Mara ya mia na saba alifanana na Nungunungu kabisa, hata mke wa Nungunungu akamwambia, mume wangu, njoo ule.

Jua limebaki kidole kimoja, Kuku akafika kwa mama yake. Bibi akahesabu: kumi na wawili. Akawapa majina wote.

Basi mjue. Apendaye kuonekana hupanda kinachokimbia. Mwenye watoto hufuata kinachofika. Usimcheke mtu kwa usafiri wake kabla hujajua alichobeba.

Ngano yangu imefika kwao, haina tena pa kwenda.

Ila kifaranga kimoja nimekitia mimi, kwa sababu ya hawa wadogo waliokaa mbele. Bibi alihesabu kumi na mmoja. Mmoja alikuwa na tabia za baba yake.