Kwa Nini Mtoto Hazaliwi na Sifa

Mnaniuliza kwa nini watu wa bonde hili humpa mtoto jina, sifa wakamnyima. Kaeni basi. Kaburi la kaka yangu bado linachimbwa, na mwenye kikohozi akohoe sasa.

Zamani hizo mtoto alipewa vyote viwili siku ileile aliyozaliwa. Wazee walimtazama mikononi mwa mama yake, wakasema huyu mwaminifu, huyu mwoga, huyu mvivu, na neno hilo likamganda mpaka kufa. Mvivu angelima mchana kutwa jua likimchoma, bado alikuwa mvivu. Tena wenye sifa mbaya hawakuzikwa mlimani na wenzao. Walitupwa korongoni, fisi wakamaliza kazi. Ulikuwa ujinga, wala sioni haya kuwasema babu zangu.

Palikuwa na mjane, Wakesho, na mwanawe wa pekee, Mwandoe. Mwandoe aliitwa mvivu kwa sababu alipozaliwa alichelewa kulia. Ukaja ukame, visima vikakauka, na huyo mvivu ndiye aliyeshuka kuchimba kipya, alfajiri hadi magharibi, huku wenye sifa nzuri wamekaa kivulini wakisubiri maji.

Wa kumfungia kamba alikuwa Mwakio, aliyezaliwa akaitwa makini. Fundo la mtu makini halikukaguliwa. Kuligusa tu kulikuwa kumtukana. Asubuhi moja Wakesho aliliona limelegea kwenye gogo lililoshikilia kamba. Akanyoosha mkono, wazee wakamkemea, akaurudisha. Mwandoe akashuka, fundo likafumuka. Walipomfikia chini, maji yalikuwa yameanza kutoka, naye amekwisha kufa.

Watu walikunywa kwanza. Kisha wazee wakaagiza mvivu apelekwe korongoni. Wakesho akaishika miguu ya mwanawe, akakataa. Uchungu ulikuwa umemkausha machozi. Akawatazama wote, vibuyu vimewajaa mikononi.

"Mwanangu alifanya nini?" akauliza.

Mzee mmoja, ndevu zikimdondoka maji, akasema, "Alichimba."

"Alichimbaje?"

"Kwa bidii, mama."

"Basi ni mchimbaji, na ni mwenye bidii. Mzikeni hivyo."

Wakambeba hadi mlimani. Mwakio naye alikuja na jembe lake kusaidia, na Wakesho akamwuliza yaleyale. Alifanya nini? Alifunga kamba, akasema. Aliifungaje? Hapo Mwakio alinyamaza. Aliishi miaka mingi baadaye, na hata alipozikwa hakuna aliyemjibia.

Na tangu siku hiyo mtoto wetu hupewa jina peke yake. Sifa ataichuma mwenyewe kutokana na alichofanya na jinsi alivyokifanya, na fundo la mtu yeyote hukaguliwa, awe nani. Maiti hafunikwi udongo kabla ya maswali yale mawili kuulizwa, na anayejibu kwanza ni wa damu yake. Kujibu uongo ni mwiko.

Haya, wametuita, kaburi liko tayari. Kaka yangu mlimpenda, alikuwa mcheshi barabarani. Mimi niliishi naye nyumba moja, na nilimwuguza mkewe kila alipompiga. Twendeni. Nitaulizwa, na nitajibu.