Upo Haupo

Paukwa!

Pakawa!

Nasema paukwa!

Pakawa!

Mpo?

Tupo!

Mpo kweli, au imekuja midomo tu na nyoyo zimebaki nyumbani zinachungulia chungu? Hebu nyosheni mikono niione. Haya, sasa nimeamini. Lishikeni neno hilo, mpo na tupo, msilidondoshe njiani. Neno dogo hilo liliua mtu.

Hapo kale, wakati hata bibi yangu hajajua kufunga kanga, palikuwa na kijiji cha wavuvi kikiitwa Mtondooni. Na Mtondooni palikuwa na mwanamke jina lake Mize.

Mize alimpoteza baba angali mdogo. Alipotezwa na nini? Na kamba. Kamba ya nanga ilikatika, na kamba ya pili baba hakuwa nayo. Mkondo ukaichukua mashua ukaipeleka miambani, na habari yake ikaishia huko. Kilichobaki nyumbani ni upo mpya aliokuwa ameuchonga kwa mti wa mfenesi, hajawahi kuutia majini.

Nyinyi mliotoka bara mnanitumbulia macho. Upo, wenzangu, ni kata kubwa ya mti yenye mpini, ya kufulia maji yakiingia chomboni. Unachota, unamwaga nje. Unachota, unamwaga nje. Ndiyo kazi yake, haina nyingine.

Mize akakua, akaolewa na Vuai. Vuai alikuwa mvuvi, na alikuwa mcheshi; mtu wa kumchekesha hata mwenye jino bovu. Alikuwa na mashua ndogo, Si Haba jina lake, na ndani ya Si Haba mlikuwa na nyavu, mawe ya kuitulizia mashua, na Mungu. Basi.

Mize alipoiona akashika kiuno.

"Vuai, baharini unakwenda na hivi?"

"Nakwenda na kurudi, mke wangu."

"Baba yangu naye alikuwa akienda na kurudi."

Ndipo Mize alipoanza kazi. Akatafuta nanga. Akasokota kamba mbili, ya kutumia na ya akiba. Akaweka makasia matatu kwa watu wawili. Akatia sindano ya tanga na uzi wake, tezo na misumari, pamba ya kuzibia nyufa na chupa ya mafuta ya papa. Akafunga vibuyu vitatu pamoja, akaviziba kwa nta, likawa boya la kumshikilia mtu. Boya la pili alikuwa bado analikaushia vibuyu juu ya paa. Mwisho wa yote akauleta upo wa baba yake, akauweka chini ya ubao wa nyuma.

"Mke wangu," Vuai akasema, "samaki watakaa wapi sasa?"

"Watakaa mapajani kwako."

Na Mtondooni walikuwa na desturi yao, kuita vyombo. Mashua haiondoki mpaka mwanamke wa nyumba asimame miguu majini, aite kila kitu kwa jina lake, na aliye chomboni aitike. Siku ya kwanza Mize akasimama, Vuai yumo mashuani na Shaame, mdogo wake Mize, aliyekuwa akivua naye.

"Nanga?"

"Ipo!"

"Kamba?"

"Zipo, mbili!"

"Makasia?"

"Yapo, matatu!"

"Boya?"

"Lipo!"

"Upo?"

Vuai akainua uso, akatabasamu mpaka magego yakaonekana. "Nipo, mke wangu! Niende wapi nikuache?"

Pwani nzima ikaangua kicheko. Mize akajifunika uso kwa kanga, lakini alicheka naye. Kisha Vuai akauinua ule upo juu, akasema, "Na upo upo!"

Mwanzo ulikuwa hivyo. Nipo, na upo upo. Majibu mawili, moja la mke, moja la bahari.

Lakini mnajua mzaha, jamani. Ukikaa sana unakuwa mwenye nyumba. Mwezi wa pili Vuai akawa anasema, "Nipo! Na upo upo," bila kuuinua. Mwezi wa tatu akawa anasema, "Nipo!" basi. Mize hakumrudi. Niwaambie ukweli, hakutaka kumrudi. Alilipenda jibu lile. Alikuwa akiamka alfajiri analingojea, na likishasemwa moyo wake unatulia, anarudi nyumbani kufagia uwanja. Mwenye kuitwa alikuwa upo, mwenye kuitika alikuwa Vuai, na hakuna aliyeona kasoro.

Yupo mmoja aliyeona.

Alikuwa jirani yao. Babake alimpa jina la Faki, lakini kijiji kizima kilimwita Niazime. Kwa nini? Kwa sababu hakuwa na chake. Niazime mundu. Niazime kinu. Niazime kaa la moto. Na mwenye kitu asipokuwapo, Niazime alikuwa akijiazima mwenyewe. Hakuwa mwizi, maana alirudisha. Alirudisha siku aliyotaka yeye.

Siku ya kwanza akapita penye Si Haba, imepwelewa mchangani, akachukua kasia la tatu. Alfajiri Mize akaita, "Makasia?"

Vuai akapapasa, akahesabu, "Yapo mawili!"

Mashua haikuondoka. Mize akaenda moja kwa moja kwa Niazime.

"Aa, Bi Mize! Nimeliazima tu. Nilianikia dagaa."

Siku ya pili akachukua kamba ya akiba. Mize akaita, "Kamba?"

"Ipo moja!"

Mashua haikuondoka. Mize akaenda.

"Aa, jirani! Nilimfungia mbuzi tu."

"Niazime, kamba hiyo si ya mbuzi. Kamba hiyo ni baba yangu."

Niazime akachekacheka, akaifungua, akairudisha. Mkewe alikuwa akimsumbua kwa chombo cha kulishia kuku pumba, naye kichwa kilikuwa kinazunguka. Alfajiri iliyofuata akasimama pwani na wengine, anasikiliza. Nanga, ipo. Kamba, zipo. Makasia, yapo. Boya, lipo. Upo?

"Nipo!"

Watu wakacheka. Niazime akacheka kuliko wote. Kisha akajisemea moyoni, kumbe upo ndio usioulizwa.

Siku ya tatu akauchukua upo.

Msimtukane bado, nisikilizeni. Alisema ataurudisha kesho. Wenye kuazima wote husema kesho.

Asubuhi iliyofuata bahari ilikuwa shwari. Mize akasimama miguu majini. Akaita nanga, akaitikiwa. Akaita kamba, akaitikiwa. Akaita makasia na boya, akaitikiwa. Akavuta pumzi kidogo, kama mtu anayeweka tonge tamu la mwisho, akaita, "Upo?"

"Nipo, mke wangu!"

Moyo wake ukatulia. Akarudi kufagia uwanja.

Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Mashua nyingine zikarudi moja moja, Si Haba haikurudi. Kesho yake wavuvi wa kijiji cha pili wakamleta Shaame, macho mekundu kwa chumvi, mikono imegandia kwenye vibuyu vitatu mpaka ikabidi wambandue kidole kimoja kimoja. Mize alikuwa pwani tangu jana. Hakupiga kelele. Akakaa mchangani, akampakata ndugu yake kichwa.

"Niambie yote, Shaame. Usinifiche kitu."

"Dada, tulivua sana. Mashua ilikuwa nzito. Likaja wimbi moja tu, la ubavuni, pamba ikatoka kwenye ufa, maji yakaingia."

"Pamba nyingine mlikuwa nayo."

"Tulikuwa nayo, dada. Na misumari tulikuwa nayo, na tezo. Lakini ufa ulikuwa chini ya maji, huwezi kuziba usipopaona. Ilibidi maji yatoke kwanza. Shemeji akatia mkono chini ya ubao wa nyuma. Akapapasa. Akapapasa tena. Akaniangalia." Shaame akaanza kulia. "Tulitupa samaki. Tukatupa mawe. Tulifua maji kwa kofia. Tulifua kwa viganja. Tukapasua kibuyu cha maji ya kunywa tupate cha kuchotea, kikatoka vigae. Yanayoingia yakawa mengi kuliko yanayotoka."

"Na boya?"

"Boya lilikuwa moja, dada."

Mize akatazama kule kijijini, kwenye paa lake, vibuyu vitatu vinakauka juani.

"Alinifunga nalo kwa nguvu. Nilikataa, akanipiga kofi, akanifunga. Akasema, ukirudi mwambie Mize, upo haupo."

"Alicheka alipoyasema hayo?"

"Hakucheka, dada."

Walimtafuta siku tatu. Ya kwanza hawakupata kitu, ya pili hawakupata kitu, ya tatu wakaokota kasia. Siku ya tatu wanawake watu wazima wakaja na kanga nyeupe wamwingize Mize ndani, akae eda.

"Nitaingia," Mize akasema. "Lakini aliniambia yupo. Mniache kwanza nikahakikishe."

Wakaangaliana. Wakadhani akili imeondoka. Haikuondoka. Mtondooni kitu kikipotea kila mtu alijua pa kuanzia. Mize akatoka, watu nyuma yake, mpaka uani kwa Niazime.

"Hodi."

"Karibu, Bi Mize, karibu. Pole, jirani. Pole sana. Msiba ni wetu sote."

"Nimeshapoa. Leo nimekuja kuazima mimi."

Niazime akashangaa, kisha akafurahi. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwazima kitu. "Sema tu! Chochote nilicho nacho."

"Niazime Vuai."

Uani kuku wakawa wanadonoa. To, to, to.

"Leo tu," Mize akasema. "Nitamrudisha kesho."

To, to, to. Watu wote wakageuka kutazama kuku wanadonolea nini. Pumba imelowekwa ndani ya kata ya mti wa mfenesi yenye mpini, na mpini ule hapana mvuvi asiyeujua mchongo wake.

Niazime akaanguka magoti. "Bi Mize, Wallahi nilikusudia kuurudisha."

"Najua. Wewe hurudisha."

Vijana wakainua magongo. Mize akawazuia kwa mkono.

"Mwacheni. Wawili tumefanya haya. Yeye aliuchukua upo. Mimi niliuliza, nikapewa jibu lisilo lake, nikaridhika nalo kwa kuwa lilinipendeza." Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wazee wanasema, na sasa usaha ulikuwa umetumbuka mbele ya kijiji kizima. "Niazime, mwaga hiyo pumba. Uoshe. Beba, twende."

Wakaenda pwani. Mize akasimama pale pale pake, miguu majini. Mbele yake hapakuwa na mashua, palikuwa na maji tu. Akamwambia Niazime aingie, akaingia mpaka kifuani, upo mkononi.

"Upo?" Mize akaita.

Niazime akageuka kutazama watu pwani.

"Upo?"

Akageuka kutazama bahari.

"Upo?"

Niazime akauinua ule upo kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, maji yanamchuruzika usoni, hakuna aliyejua yapi ya bahari na yapi yake. "Upo!" akalia. "Upo upo, Bi Mize!"

Lakini Mize hakuondoka. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande, kama alivyozoea kila alfajiri, anangojea lile jibu la kwanza. Akangojea. Watu wote wakangojea naye, hata wasiojua wanangojea nini. Upo ulikuwapo. Vuai hakuwapo.

Shaame akamshika mkono, akamrudisha nyumbani, na Mize akaingia eda. Niazime tangu siku ile hakuazima hata chumvi. Mtondooni nako, chombo kikiitwa majini, jibu la mdomo halipokewi. Kwanza kitu kiinuliwe, kionekane, ndipo mdomo ufuate. Na mpaka leo, ukimkuta mtu wa huko ukamsalimu, "Upo?", haitiki haraka. Anakuangalia kwanza.

Vile vibuyu vitatu vya boya la pili vilikaukia juu ya paa. Hakuna aliyekwenda kuviteremsha.

Hadithi yangu imefika pwani, nanga nimetia. Mliloliona tamu, pakieni mwende nalo kwenu. Mliloliona chungu, niachieni mimi nilifue nje, chombo ninacho.

Mpo?

Nimesema, mpo?

Mikono kwanza.