Kimya cha Kisanduku cha Saba

"Mtibu mpayukaji, bubu atanena."

Vijana wa mafunzo waliisikia methali hiyo kantini, ikitoka kinywani mwa mchomeleaji mmoja aliyekuwa akiwatania wenzake. Walicheka pamoja na wengine ingawa hawakuielewa. Walipokwenda stoo kuchukua glavu, walimwuliza Bi. Mwanvita, mtunza stoo ambaye umri wake kiwandani ulizidiwa na wa boila peke yake. Bi. Mwanvita aliwapa glavu kwanza, akawaonyesha maboksi ya kukalia. Kisha akawaambia kuwa maneno hayo yalizaliwa humu humu kiwandani, nao wakamsikiliza.

Zamani kidogo, kiwanda hiki cha sukari cha Mlowe kiliongozwa na visanduku saba vilivyofungwa kwenye mitambo. Viliunganishwa kwa kebo moja ndefu iliyoanzia chumba cha skrini, ikapita kwenye vinu vya miwa, ikazunguka ukumbi wa ufungaji, na kuishia kwenye boila. Ulikuwa mfumo mkongwe, na vipuri vyake havikuuzwa tena popote. Ulikwenda kama mwalimu anayeita majina darasani: chumba cha skrini kiliita namba moja, nayo ikajibu na kunyamaza; kikaita namba mbili, ikajibu na kunyamaza; hivyo hivyo hadi ya saba. Kisanduku cha saba ndicho kilichotoa habari za maji yaliyomo ndani ya boila. Kisiposikika, boila lilijizima lenyewe, kwa maana kuwasha moto chini ya maji usiyoyaona ni kujitakia mauti.

Msimu mmoja kisanduku cha saba kilianza kukata kauli. Mara moja kwa siku, kisha mara tatu, kisha mara sita. Boila likizimika, vinu vilikosa mvuke, juisi ilichacha kwenye matangi, na miwa ya wakulima ilikaukia juu ya matrekta getini.

Fundi wa visanduku alikuwa Apolonia Ligola, mwanamke mwembamba asiyejua kukaa. Alikibadilisha kisanduku cha saba mara ya kwanza, kikanyamaza. Akakibadilisha mara ya pili, kikanyamaza. Cha tatu alikifuata mwenyewe kwenye kiwanda cha korosho kilichofungwa, akakipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa. Asubuhi alikifunga. Kabla ya saa nne kilikuwa kimya.

Hapo ndipo meneja alipoacha kuulaumu mtambo, akatafuta mtu. Mtu alikuwa karibu. Mwangalizi wa boila wa zamu ya mchana alikuwa Mzee Kibwana Mloka, naye alikuwa amemzika mkewe miezi miwili nyuma. Tangu mazishi hakusema zaidi ya salamu. Kisanduku kilinyamaza kwenye zamu yake tu, na wiki aliyokuwa msibani hakikunyamaza hata mara moja. Meneja alikuwa ameshaandika barua ya kumwachisha kazi. Ilisubiri kutiwa sahihi saa nane mchana.

Apolonia alizunguka karakana bila kujua anatafuta nini. Alishika bisibisi, akaiweka, akaishika tena. Hakuamini kwamba mzee yule angeharibu kitu, lakini hakuwa na neno la kumtetea. Saa sita akapanda kwenye boila.

Alikuta watu wamejaa. Bwana Hizza, msimamizi wa ufungaji, mtu wa sauti kubwa na shati lililopigwa pasi, alikuwa amemsimamia mzee kichwani.

"Sema basi, Mzee! Unakizima kwa mkono au kwa dawa?" Watu wakacheka. "Kimya chako ndicho kinachokushitaki. Njoo kwangu uone kisanduku cha kazi. Taa yake haijawahi kulala!"

Mzee Kibwana alikuwa akifuta kioo cha geji ambacho tayari kilikuwa safi.

"Tokeni," Apolonia akasema.

"Wewe binti, mimi ni mkuu wa..."

"Tokeni nyote, kaka Hizza. Nimekuja kuongea na mzee, na nyinyi hamnipi hata nafasi ya kumsikia."

Wakatoka wakinung'unika. Apolonia akafunga mlango. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akakaa chini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Barua iko mezani kwa meneja. Nisaidie. Wiki ya msiba, nini kingine kilikuwa tofauti?"

Mzee aliendelea kufuta kioo. Apolonia alijizuia asiongeze swali.

"Mimi wiki ile sikuona kitu," akasema mwishowe. "Niliwaona akina mama tu. Wale wa ufungaji. Walipika kwenye msiba wa mke wangu, mama Asha, siku zote saba, tangu asubuhi mpaka jioni. Nikawauliza, mmeruhusiwaje nyote? Wakasema hawana kazi, mifuko ya sukari imekwisha, mashine yao imezimwa mpaka mifuko ije."

Apolonia alikuwa amesimama.

"Na ufungaji ni mchana tu," akasema.

"Mchana tu. Kama mimi."

Alishuka ngazi mbili mbili. Ukumbini alikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha Bwana Hizza, cha tano kwenye mstari. Alikuwa amekipita mara mia bila kukitazama, kwa kuwa hakikuwa na ugonjwa. Sasa alikitazama. Visanduku vingine taa zao ziliwaka, zikatulia, zikangoja kuitwa tena. Taa ya hiki haikutulia. Kilijibu kikiitwa, kilijibu wenzake wakiitwa, kilijibu hata pasipo wito.

"Usikiguse!" Hizza alikuwa ameshafika. "Ukikichomoa, nani atafunga mifuko?"

"Tutafunga kwa mikono, Bwana Hizza," mama mmoja akadakia kutoka kwenye mstari wa mifuko. "Kwani sukari inajua imefungwa na nani?"

Apolonia akachomoa plagi. Mashine ya kufungia ikasimama, na ukumbi mzima ukamgeukia. Akainua redio yake ya mawasiliano.

"Mzee, nipe habari."

Redio ilikwaruza. "Kimesema," ikajibu sauti ya Mzee Kibwana. "Maji yanasomeka."

Akarudisha plagi.

"Kimenyamaza."

Akachomoa.

"Kimesema tena, mwanangu. Kinasema vizuri."

Meneja aliitwa, akaja na barua mfukoni, akaambiwa achomoe na kurudisha kwa mkono wake mwenyewe. Alifanya hivyo mara tatu. Apolonia akamweleza: cha saba kiko mwisho wa kebo na sauti yake hufika ikiwa hafifu; mwenzake akipayuka, hicho ndicho cha kwanza kutosikika. Visanduku vitatu vilivyotolewa pale, akasema, vyote ni vizima.

Meneja aliichana barua. Akapanda kwenye boila kuomba radhi, kisha akauliza, "Mzee, kwa nini hukujitetea?"

"Mliniuliza nimekiharibu vipi," Mzee Kibwana akasema. "Hilo silijui. Binti aliniuliza nilichokiona."

Jioni ile akina mama walifunga mifuko kwa mikono, na Bwana Hizza alishika uzi na sindano kama wao. Alipofungua mdomo kuwahimiza, yule mama wa mstarini akamwambia bila kuinua kichwa, "Taratibu, Bwana. Mtibu mpayukaji, bubu atanena." Kicheko kilifika mpaka getini kwa wakulima, na maneno yakafika nacho.

Hapo Bi. Mwanvita akamaliza kisa chake. Kijana mmoja akauliza bubu alikuwa kisanduku au Mzee Kibwana. Mwenzake akafungua mdomo amjibu, wa tatu naye akadakia, wote wakasema kwa pamoja. Binti aliyekuwa kati yao, ambaye tangu waingie hakuwa amesema neno, akawaashiria wanyamaze.

"Wote wawili," akasema. "Kabla ya kuchomoa plagi, Apolonia alimtoa kwanza Bwana Hizza na wenzake mle kwenye boila."

"Umeona?" akasema Bi. Mwanvita. "Mtibu mpayukaji, bubu atanena."