Koti la Mzee Shembilu

Kaeni vizuri. Anayejiona hodari wa kuhukumu asogee mbele, maana nina kesi ambayo mimi imenishinda. Nimeisimulia misibani, nimeisimulia harusini, na kila mara watu wameondoka wakibishana. Leo ni zamu yenu.

Kule milima ya Usambara, upande wa Bumbuli, palikuwa na mlinzi akiitwa Mzee Shembilu. Kwa miaka thelathini alilinda ghala la majani ya chai akiwa ndani ya koti lake zito la sufu. Mkewe ni Bi Mwanamkuu, na walijaliwa watoto wanne. Hoza, kifungua mimba, alipewa macho. Baba yake alikuwa akisema huyu anamwona hata sisimizi akipiga miayo. Zaina alipewa ulimi. Si ule wa umbea, jamani, ni ulimi uliotulia, usiobabaika hata nyumba ikiwaka moto. Kupaza alipewa kusimama. Akishasema hapa sitoki, hatoki, na mama yake alikuwa akifagia kwa kumzunguka. Mbwana, kitinda mimba, yeye alipewa miguu. Alipofika miaka kumi na tisa miguu hiyo ikampeleka machimboni kutafuta dhahabu, na miaka tisa ikapita bila hata salamu.

Nyumba hiyo ilikuwa na sheria yake. Wote wakitoka, ufagio unalazwa kizingitini, ili jirani ajue hakuna mtu na asipoteze hodi zake. Wa kwanza kurudi anauokota na kuusimamisha ukutani. Tangu watoto wanatambaa walikua na sheria hiyo, na huo ufagio naomba msiusahau.

Mzee, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ulinzi, alikuwa na sheria nyingine pia. "Mkikuta nyumba imeguswa, msiingie," alikuwa akiwaambia. "Tazameni kwanza. Kisha iteni wenye dhamana. Na asiuawe mtu kwa ajili ya sufuria. Sufuria hununuliwa."

Alipokuwa mahututi aliwaita mkewe na watoto watatu waliokuwepo. Akaonyesha koti kwenye msumari. "Hilo ni la atakayeilinda nyumba hii siku itakapojaribiwa. Lisikatwe, lisiuzwe." Kisha akauliza, "Mbwana hajafika?" Akafa siku hiyo hiyo.

Siku ya arobaini familia nzima ilikwenda makaburini kusoma dua, na kijiji kikafuatana nao. Ufagio ukalazwa kizingitini. Walirudi saa saba mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Bi Mwanamkuu alikuwa mbele, anatembea upesi, hamu yake ni kufika chumbani akalale karibu na lile koti, kwa sababu bado lilikuwa na harufu ya mumewe.

Hoza akamshika mkono. "Mama, simama."

"Nini tena? Miguu inaniuma."

"Ufagio umesimama. Na dirisha la nyuma, lile bawa linaning'inia. Ndani kuna mtu."

Mama akapiga yowe dogo. "Koti! Watachukua koti la baba yenu!" Akajivuta aende. Hoza akamkumbatia kwa mikono miwili, akamrudisha nyuma mpaka kwenye ua wa jirani, huku mama akimpiga ngumi za kifua na kumlaani. Hakumwachia. Ndani angeweza kuwemo mtu mwenye panga, na mwanamke aliyetoka kumlilia mumewe haogopi panga.

Huyo ni Hoza.

Zaina akatoa simu. Wengine wote wanasema pamoja, yeye akageukia ukutani akampigia mwenyekiti wa kitongoji. "Shikamoo, mwenyekiti. Ni Zaina wa Shembilu. Nyumbani kwetu, hapa juu ya kisima, dirisha la nyuma limevunjwa na ndani kuna mtu. Hatumjui, hatujui wako wangapi. Sisi wote tuko nje, kwa jirani, hakuna aliyeumia. Hatuingii." Mwenyekiti akasema, "Vizuri, msiingie. Nakuja na askari." Zaina akakata simu, akahesabu watu wa nyumba yake mmoja mmoja, akafunga lango la jirani. Jirani alitaka kukimbia barabarani kuita watu. Zaina akamsihi anyamaze. Jirani akanyamaza kidogo, halafu ikamshinda.

"Mwizi! Mwizi! Kwa marehemu!"

Huyo ni Zaina, na yowe la jirani msimhesabie yeye.

Watu wakaja mbio. Ndio wale wale waliotoka makaburini. Mikono iliyokuwa imeinuliwa kuitikia amina ikaokota mawe. Kumwibia mjane siku ya arobaini, nani angevumilia? Nisingekuwa mimi ninayesimulia, labda ningeokota na langu.

Kupaza akapita katikati yao, akasimama mlangoni, kiganja kimoja huku na kingine kule. Ndani hakuingia. Akawageukia watu.

"Hapigwi mtu hapa."

"Kupaza, toka! Unamtetea mwizi?"

"Simjui. Askari wako njiani. Anayetaka kumuua aanze na mimi."

Jiwe la kwanza lilipiga mlango. La pili lilimpata sikioni. Damu ikamwagika kwenye kanzu nyeupe ya hitima, na mikono yake haikutoka kwenye miimo ya mlango. Alisimama hivyo mpaka mwenyekiti alipofika na askari wawili.

Huyo ni Kupaza.

Askari akaita, "Uliyemo ndani, toka taratibu, mikono tuione!"

Kwanza kikasikika kikohozi, kirefu, cha mtu aliyeishiwa pumzi. Kisha sauti. "Msinipige. Ni mimi, Mbwana. Mama yuko wapi?"

Akatoka amevaa koti la baba yake. Amekonda, koti linambeba yeye badala ya yeye kulibeba. Watu wakaangusha mawe chini kimya kimya, kila mmoja akijidai halikuwa lake. Mbwana akawatazama ndugu zake, kanzu zao, macho yao mekundu, na hakuelewa.

"Nilikuta hakuna mtu," akasema. "Ufunguo haukuwa chini ya kinu, nikapita dirishani kama zamani. Nikalivaa koti. Nilitaka baba akija anikute nalo, agombe, halafu acheke. Usingizi ulinichukua, na mawe yaliponiamsha pumzi ya kuita sikuwa nayo. Baba yuko wapi?"

Mama alifika kabla ya jibu. Akamkumbatia yeye na koti pamoja.

Laiti ningeweza kuishia hapo! Mbwana hakurudi na dhahabu, alirudi na vumbi lake kifuani. Daktari alisema mapafu yamekwisha. Aliishi siku ishirini na moja. Mama alimnywesha uji kwa kijiko, akamsimulia baba yake alivyokufa, akamwomba radhi na yeye akaombwa. Alikata roho siku ya Alhamisi asubuhi, kichwa kikiwa mapajani kwa mama yake, wala si kizingitini chini ya mawe. Kwa hizo siku ishirini na moja Bi Mwanamkuu humshukuru Mungu kila akiswali, na kila akishukuru hulia.

Baada ya matanga ya pili, koti likarudi msumarini, na wasia ukadai mwenyewe.

Hoza akasema, "Nisingeona, mama angeingia peke yake. Siku nyingine ndani angekuwemo mwuaji."

Zaina akasema, "Uliona, kaka, sikatai. Nisingepiga simu, askari wangetoka wapi? Kupaza angesimama pale mpaka lini?"

Kupaza akageuza kichwa, akatega sikio la kulia. La kushoto halisikii tena tangu siku ile. "Mnasema nini?" Wakarudia. Akafikiri kidogo. "Nisingesimama, askari wangekuta maiti," akasema.

Wakamgeukia mama yao. Bi Mwanamkuu alikuwa anautazama ufagio uliosimama ukutani.

"Mwizi hasimamishi ufagio," akasema polepole. "Angeuruka akapita. Aliyeusimamisha ni mtoto wa nyumba hii, alifanya kama tulivyomfundisha. Sote tuliuona umesimama. Ningeachwa niende, ningemkuta mwanangu, na sikio lako, Kupaza, lingekuwa zima."

Hoza akafunika uso. "Mama, niliuona ufagio. Sikumwona Mbwana."

"Najua, baba. Sikulaumu. Hata mimi niliyemzaa sikumwona, nilikuwa naliwaza koti."

Basi hapo ndipo kesi ilipo. Kipupwe kimeingia, baridi ya milimani inatafuna mifupa, na koti linaning'inia bila mtu. Hoza alizuia, na kwa kuzuia akachelewesha. Zaina aliita, na aliowaita wakachelewa kidogo kuliko mawe. Kupaza alisimama, akalipa kwa sikio. Toa Zaina au Kupaza, na mama hana siku ishirini na moja; toa Hoza, labda anazo na sikio ni zima, labda ndani ni mwenye panga. Usiniambie ligawanywe, marehemu alikataza, na theluthi ya koti haimkingi mtu baridi. Wala usiniambie mama abaki nalo. Nilimuuliza mwenyewe, akaniambia kila akiligusa husikia kile kikohozi.

Anangoja jibu, na mimi nimemwahidi nitamletea la kwenu. Wewe hapo, na wewe uliyeinamisha kichwa: mngemvisha nani?