Mafundo Saba ya Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, palikuwa na uwanda wa juu uliofunikwa na mawingu mwaka mzima. Aliyenyoosha mkono hakuviona vidole vyake. Na wanyama wa huko hawakutulia mahali pamoja: nyasi zikiisha, nyumba ilihamishwa.

Basi mtu angempataje jirani yake? Alikwenda kwa Karani Nungunungu. Yeye aliung'oa mwiba mgongoni mwake, akauchovya katika wino, na kuandika daftarini jina la kila mwenye nyumba, mahali anapokaa, na idadi ya siku ambazo jibu hilo laaminika. Aliyeuliza alipewa jibu pamoja na kamba ya nyasi yenye mafundo, fundo moja kwa kila siku. Kila kukicha alifungua moja. Mwenye fundo hakuruhusiwa kuuliza tena. Mafundo yalipokwisha, jibu lilikuwa limekufa, na ilimlazimu kurudi kwa karani. Mashine zenu za leo, mnapoziandikia jina nazo zikawatafutia lilipo, hufanya kazi iyo hiyo. Sidhani kama zinaifanya kwa uaminifu zaidi.

Katika uwanda huo aliishi Bi Pimbi, mjane mdogo wa mwili, mwepesi wa akili. Alikuwa na watoto watatu. Fisi akawala wawili, Mbeja na Kipini. Akabaki Kiduchu, naye aliugua homa iliyomtetemesha kama jani.

Siku moja Pimbi alikuwa akiteka maji kisimani, mara akasikia mhemo nyuma yake.

"We Pimbi! Umehama, eti?"

"Nimehama, Mzee Fisi."

"Haya. Nyumba yako ya zamani nimeikuta tupu. Kamba yangu imebakiza fundo moja. Kesho nitauliza upya, na karani atanijibu, maana humjibu kila mtu. Mwanao amenenepa?"

"Ni mgonjwa."

"Masikini! Basi nitamtafuna polepole. Hi! hi! hi!"

Pimbi hakulia. Alikwisha kulia mara mbili. Alitua mtungi, akaenda moja kwa moja kwa karani.

"Hodi, Maalim."

"Karibu, Bi Pimbi. Usiniambie umehama tena!"

"Nimehama. Andika hivi: Pimbi, Ukingo wa Korongo, hatua mia mbele ya mwamba mweupe."

Mwiba ukasita juu ya karatasi. "Hatua mia? Mbona hapo..."

"Nyumba ni yangu au ni yako?"

"Ni yako. Mwenye jina ndiye asemaye anapokaa. Mimi sitoki kwenda kupima. Lakini daftari hili ni amana, bibi. Waapa?"

Pimbi akamkumbuka Kiduchu akitetemeka.

"Naapa."

"Vema. Kwa mahali papya nakushauri fundo moja tu. Tukiwa tumekosea, kesho tutasahihisha na hakuna atakayeumia."

"Saba!" Alilitamka haraka. Fisi alikuwa mvivu. Angeweza kukawia njiani, akalala, kisha akaja kuuliza tena. "Andika saba, Maalim."

Kwaru, kwaru, kwaru! Ikaandikwa saba.

Kesho yake asubuhi Pimbi alijibanza katika ufa wa mwamba mweupe. Mawingu yalikuwa mazito kama maziwa yaliyoganda. Akasikia kwato? La, makucha. Na sauti ikihesabu.

"Tisini na sita, tisini na saba..."

"Karibu, Mzee Fisi!" Pimbi akaita. "Mlango u mbele yako!"

"Nimekaribia! Mtoto yuko tayari?"

"Yuko tayari!"

"Tisini na nane, tisini na tisa, mi..."

Yowe! Mawe yakaporomoka, gu-gu-gu-gu! Kisha, chini kabisa, puu!

Pimbi akatoka ufani akicheza. "Hiyo ya Mbeja! Hiyo ya Kipini!" Alicheza mpaka pumzi zikamwishia, kisha akatimua mbio kwa karani.

"Maalim, nimehama! Nirudishe pale nilipokuwa, chini ya mwamba wa kijani."

Nungunungu akakwangua, akaandika. "Tayari. Daftari sasa lasema kweli. Leo umeulizwa sana."

"Na Fisi."

"Na Fisi, alfajiri. Halafu na Bibi Tohe."

Tohe, swala mzee, alikuwa mganga wa uwanda mzima. Siku tatu nyuma alimjia Kiduchu, akamshika paji la uso, akasema atarudi na dawa.

"Hawezi kuuliza!" Pimbi akasema. "Alikuwa na kamba yake. Njia ya kwangu anaijua."

"Kamba ya mafundo matatu. La mwisho limefunguka leo. Nikamwambia, 'Bibi, si ulikwenda majuzi?' Akasema, 'Maalim, jibu lililokufa silifuati.' Alikuwa na kibuyu cha dawa, bado ya moto."

"Ulimwelekeza wapi?"

"Palipoandikwa."

"Mfuate! Mwambie umefuta!"

"Nimefuta daftarini, bibi. Kamba iliyo mkononi mwake haijui. Ina mafundo saba, kama ulivyotaka."

Pimbi akakimbia. "Bibi Tohe! Bibi Toheee!" Mawingu yakaimeza sauti. Kwenye mwamba mweupe akaziona alama za kwato, zimepangana vizuri, za mtu anayehesabu bila haraka. Akazifuata kwa magoti. Ukingoni mzizi ulikuwa umekizuia kibuyu kilichopasuka, na kando yake kamba ya nyasi. Aliinama akaichota dawa kwa viganja. Ilikuwa vuguvugu, na udongo ulikuwa umekwisha kuinywa.

Alipoingia nyumbani, Kiduchu alifumbua macho.

"Mama, huyo ni Bibi Tohe?"

"Hapana, mwanangu. Ni mimi tu."

Siku ya saba, Karani Nungunungu aling'oa mwiba mpya, akafuta majina matatu: la Fisi, la Bibi Tohe, na lile dogo lililoandikwa chini ya jina la Pimbi.

Hapo ndipo masimulizi yangu yanapokomea, wajukuu zangu, nanyi fahamuni: aandikaye uongo mahali ambapo wote huuliza, hawezi kuchagua nani atakayemsadiki.