Bata Bukini Aliyesoma Kilatini

Kwaa! Sauti moja ilipasua usiku mlangoni pa shule ya kanisa. Padri Gerbaldo alifungua, akamkuta mjakazi wa shamba aliyeomba kusoma tangu ujana wake, akiwa na bata bukini kwapani.

"Wewe tena? Wanawake hawasomi hapa."

"Sikuja kwa ajili yangu, Baba. Huyu ndiye anayetaka kusoma. Sheria inamkataza?"

Padri aliikagua sheria. Bata hakutajwa.

"Ada atalipa kwa manyoya ya kuandikia," mjakazi aliongeza.

Manyoya yalikuwa adimu. "Aingie. Wewe baki nje."

"Huuma akitoka mapajani mwangu."

Padri alijaribu kumchukua, kisha akafunga kidole kitambaa na kuwaruhusu wote wawili.

Kwa miaka mitatu bata hakukosa somo. Ndipo askofu alipokuja kukagua, akamkuta bata katika orodha ya wanafunzi, akamfungulia Zaburi asome. Bata akanyamaza.

"Anaona haya mbele ya wageni, Baba Askofu," mjakazi alisema. "Nimsaidie." Akasoma ukurasa mzima kwa Kilatini bila kukwama.

Askofu alimgeukia padri. "Miaka mitatu ulikuwa unamfundisha bata?"

Padri alimtazama bata, kisha mwanamke ambaye siku zote alimwita "wewe".

"Hapana, Baba Askofu," alisema. "Nilikuwa namfundisha Hildegunda."